Maji Yanaisha Lini? Mbegu, Vinasaba na Ukame wa Mashamba Yetu

Mvua ikikatika mapema, swali linalosikika kwenye vikao vya wakulima, redioni na katika ofisi za kilimo ni lilelile: mbegu gani inavumilia ukame? Ni swali la haki, lakini limebeba dhana kwamba ukame ni kitu kimoja. Mvua iliyokatika wiki mbili baada ya kupanda, mvua iliyokatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, na mvua iliyokatika punje zikiwa zinajaa ni majanga matatu tofauti. Mmea wenye vinasaba vya kuokoka katika janga la kwanza unaweza kuangamia katika la tatu. Tofauti za kurithi zinazohusu maji zipo tele ndani ya mazao yetu, tele kuliko tunavyozitumia, ila thamani ya kila moja haijulikani mpaka lijibiwe swali linalotangulia: katika shamba hili, maji yanaisha lini?

Tuanze na jani lenyewe. Lina vitundu vidogo mno, stomata, vinavyofunguka ili hewa ya ukaa iingie na kugeuzwa chakula kwa nguvu za jua. Kwa kuwa ndani ya jani kuna unyevu na nje ni kukavu, vitundu hivyohivyo hupitisha mvuke wa maji kwenda nje. Hewa ya ukaa ni sehemu ndogo sana ya hewa tunayovuta, takriban asilimia 0.04, kwa hiyo jani la ngano au la mpunga hupoteza molekuli mamia kadhaa za maji kwa kila molekuli moja ya hewa ya ukaa linayoipata. Karibu maji yote yanayovutwa na mizizi hupita tu ndani ya mmea na kuishia angani. Uwiano kati ya uzito ambao mmea unajenga na maji unayopoteza ndio watafiti wanaouita ufanisi wa kutumia maji.

Kwamba uwiano huo hutofautiana kutoka zao hadi zao limejulikana kwa zaidi ya karne moja. Katika miaka ya 1910 Wamarekani wawili, Lyman Briggs na Homer Shantz, walipanda mazao ya kila namna ndani ya vyombo vilivyozibwa huko Akron, Colorado, wakavipima uzito msimu mzima. Kujenga kilo moja ya mmea mkavu, mtama ulihitaji takriban kilo 320 za maji, mahindi kama 370, ngano zaidi ya 500, na alfalfa, jani la kulishia mifugo, zaidi ya 800. Sababu ya pengo hilo ilieleweka miaka mingi baadaye. Mahindi, mtama, uwele na miwa vina mfumo wa kukusanya hewa ya ukaa na kuirundika ndani ya jani kabla ya kuitumia, hivyo vinaweza kubana vitundu vyao bila kukosa chakula. Ngano, mpunga, maharage na karanga havina mfumo huo. Kwa kiasi fulani, basi, mkulima wa Dodoma anayepanda uwele badala ya maharage amekwishafanya uchaguzi wa vinasaba kabla hata hajafikiria aina ya mbegu.

Jambo gumu ni tofauti zilizomo ndani ya zao moja, kwa kuwa huwezi kuzifungia aina elfu moja za ngano kwenye ndoo na kuzipima kila siku. Mlango ulifunguliwa na Graham Farquhar, mwanasayansi wa Canberra, Australia, na wenzake. Kaboni ya hewani ina atomi nzito kidogo, isotopu ya 13, ambayo ni takriban atomi 1 katika kila 100. Mmea unapokuwa na hewa ya ukaa ya kutosha ndani ya jani huikwepa hiyo nzito. Unapobana vitundu vyake na hewa kupungua ndani, hauna nafasi ya kuchagua, unaichukua pia. Mwaka 1982 Farquhar aliandika hesabu ya jambo hilo, na mwaka 1984 yeye na Richard Richards wakaonyesha kwamba aina za ngano zinazojenga uzito mkubwa kwa maji machache hubeba zaidi ile kaboni nzito. Yaani chembe ya jani lililokaushwa inatosha kueleza jinsi mmea ulivyotumia maji muda wote jani lile lilipokuwa likikua. Njia hiyo ilifanya kazi kwa karanga pia, na kwa mazao mengine ya kundi la ngano. Kwa mahindi na mtama alama hiyo ni hafifu kwa sababu ya mfumo wao wa kurundika hewa ya ukaa, na hilo lisisahaulike: chombo bora kuliko vyote vya kazi hii hakiyasomi vizuri mazao mawili yanayolisha sehemu kubwa ya ukanda wetu mkavu.

Waaustralia hawakuishia maabara. Kwa kutumia kaboni kama dira walichukua sifa ya kutumia maji kwa ufanisi kutoka aina ya ngano iitwayo Quarrion, wakaipandikiza kwa kuchavusha na kuchagua kizazi baada ya kizazi ndani ya Hartog, iliyokuwa ikilimwa tayari. Mwaka 2002 ikatoka Drysdale, mbegu iliyochaguliwa makusudi kwa ufanisi wa kutumia maji. Majaribio yalionyesha kwamba faida yake ilikua kadiri mvua ilivyopungua.

Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Faida hiyo ilikuwa kubwa mashariki mwa nchi, upande wa kaskazini, ambako ngano hukua kwa maji yaliyohifadhiwa ardhini tangu mvua za kiangazi chao. Huko mmea unaotumia maji polepole unafanana na kaya inayopima unga kila siku ili ghala lifike mavuno. Magharibi mwa Australia hali ni nyingine. Mvua hunyesha wakati ngano inakua, na maji ambayo mmea hauyanywi leo hayabaki kuungoja, kwa kuwa jua huyakausha juu ya udongo mtupu au magugu huyachukua. Huko anayepima unga anagundua kwamba jirani anakula kutoka ghala lilelile. Mmea unaofaa ni ule unaofunika ardhi haraka, na mmea wenye ufanisi mkubwa wa maji mara nyingi huchelewa kufunika ardhi kwa sababu vitundu vyake vimebanwa. Jeni zilezile, nchi ileile, zao lilelile, na jibu likawa kinyume.

Kwa sababu hiyo mtafiti wa Israel, Abraham Blum, mwaka 2009 aliandika kwa ukali kwamba lengo la wazalishaji wa mbegu lisiwe ufanisi wa kutumia maji, bali matumizi ya maji yenye tija: kuyafikia maji mengi iwezekanavyo na kuyapitisha ndani ya mmea badala ya kuyaacha. Naona Blum alikuwa na haki katika jambo la msingi. Ufanisi ni uwiano, na uwiano unaweza kupanda kwa njia mbaya. Mmea uliodumaa, wenye majani machache yaliyofunga vitundu, unaweza kupata alama nzuri za ufanisi huku mwenye shamba akivuna debe moja. John Passioura, naye wa Canberra, alikuwa ameliweka jambo hilo wazi tangu 1977: mavuno ni zao la vitu vitatu, yaani maji yaliyopita ndani ya mmea, ufanisi wa kuyatumia, na sehemu ya uzito wa mmea inayoishia kwenye punje. Anayekuza kimoja huku akipunguza kingine hajapata kitu.

Katika hesabu hiyo ya vitu vitatu, kinachosahaulika zaidi ni wakati ambao maji yanapatikana. Utafiti uliofanywa kusini mashariki mwa Australia na John Kirkegaard na wenzake, ukachapishwa mwaka 2007, ulipima ngano iliyopata milimita 10.5 zaidi za maji kutoka chini ya udongo baada ya kuchanua. Mavuno yaliongezeka kwa kilo 620 kwa hekta, sawa na takriban kilo 59 kwa kila milimita, karibu mara tatu ya kilo 20 ambazo wakulima wa kule huzitegemea kwa milimita ya kawaida ya msimu. Tone la maji wakati wa kujaza punje halina bei moja na tone la wakati wa kuotesha majani.

Mizizi mirefu, basi, ingekuwa jawabu? Wakati mwingine. Mwaka 2013 watafiti wa Japani wakiongozwa na Yusaku Uga walitangaza jeni waliyoiita DRO1, inayoelekeza mizizi ya mpunga ishuke chini badala ya kutambaa. Ilitoka kwenye mpunga wa nchi kavu wa Ufilipino, Kinandang Patong, ikaingizwa katika IR64, aina maarufu ya majaruba yenye mizizi ya juujuu, na mavuno yakawa bora zaidi wakati wa ukame. Lakini mizizi inafuata maji, haiyaumbi. Penye tabaka gumu karibu na uso wa udongo, au penye mvua chache zinazolowanisha kina kifupi tu kisha zikakauka, mmea unaowekeza chakula chake katika mizizi mirefu umekichimbia mahali pasipo na kitu.

Mfano ninaouona kuwa na uzito kuliko yote umetoka kwa jirani zetu kabisa. Watafiti wa mtama huko Texas walichukua mtama wa asili wa wakulima wa Ethiopia, wa kundi liitwalo durra, wakazalisha kutokana nao mstari uitwao B35. Ulikuwa na sifa ya kubaki kijani: mvua ikikatika wakati punje zinajaa, mitama mingine hukauka majani kuanzia chini na bua kulegea hadi kuanguka, huu ukabaki na majani mabichi. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba siri iko kwenye majani hayo ya mwishoni. Uchunguzi wa Andrew Borrell na wenzake huko Queensland ulionyesha kwamba siri iko mapema zaidi. Sehemu nne za kromosomu zinazobeba sifa hiyo huufanya mmea utoe machipukizi machache ya pembeni na kuwa na majani yenye eneo dogo kufikia wakati wa kuchanua, hivyo maji yanabaki ardhini kwa ajili ya kujaza punje. Kijani cha mwishoni ni matokeo ya kujizuia kwa mwanzoni.

Sifa hiyo haikubuniwa na maabara yoyote. Ilichaguliwa na wakulima wa Kiethiopia, mavuno baada ya mavuno, kwa kutunza mbegu za masuke yaliyojaa katika mwaka mbaya. Mtama ulianza kulimwa mashariki mwa Sudan ya leo zaidi ya miaka 5000 iliyopita, na mahali zao lilipozaliwa na kulimwa muda mrefu ndipo penye utajiri mkubwa wa tofauti zake. Ukanda wetu ni mojawapo ya maghala makuu ya dunia ya vinasaba vya mtama na ulezi, na bado katika wilaya nyingi mbegu hizo zinatoweka bibi aliyezitunza anapofariki.

Mahindi ni habari nyingine, kwa sababu ni mgeni kutoka Mexico na umbile lake limeweka udhaifu wake mahali pamoja. Mbelewele iko juu ya bua, gunzi liko katikati, na kila unywele wa ndevu za hindi unaongoza kwenye punje moja. Chavua hudondoka kwa siku chache tu. Ukame ukija wakati huo mbelewele hutoka karibu na tarehe yake, lakini ndevu, ambazo hukua kwa maji mengi, huchelewa. Zikichelewa siku mbili bado kuna chavua. Zikichelewa wiki, zinatokeza wakati hewa haina kitu. Mkulima anaona bua refu na bichi, anamenya, anakuta gunzi lenye punje tano upande mmoja. Mvua iliyorudi wiki inayofuata haiwezi kurudisha punje ambazo hazikuchavushwa.

Pengo hilo la siku linarithiwa, na linahesabika kwa macho bila mashine. Kuanzia miaka ya 1970, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, CIMMYT, kilianza kuchagua mahindi huko Tlaltizapán, Mexico, katika msimu usio na mvua, kwa kumwagilia kisha kukata maji kabla ya kuchanua. Mimea iliyobakizwa ni ile iliyotoa ndevu kwa wakati na kubeba magunzi. Baada ya mizunguko minane, kama Jorge Bolaños na Gregory Edmeades walivyoripoti mwaka 1993, mavuno chini ya ukame yalipanda kwa takriban kilo 100 za punje kwa hekta kwa kila mzunguko. Mimea hiyo haikuwa imejenga uzito mkubwa zaidi. Ilijifunza kupeleka chakula kwenye gunzi badala ya mbelewele na bua. Nadhani hakuna ushahidi bora kuliko huo kwamba kuhimili ukame na kuokoa maji ni mambo mawili.

Kazi hiyo ilihamia kwetu. Huko Kiboko, Makueni, kando ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, mahindi hupandwa kiangazi, hupewa maji ya bomba, kisha bomba hufungwa mimea ikikaribia kuchanua. Mradi wa mahindi yanayostahimili ukame Afrika, uliodumu kuanzia 2007 hadi 2015 katika nchi 13, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo, ulisaidia kutoa zaidi ya aina 160 kwa njia ya uchavushaji wa kawaida. Haya ni mafanikio yanayostahili kusemwa kwa sauti.

Kabla ya hapo palikuwa na Katumani. Katika miaka ya 1960 kituo cha Katumani karibu na Machakos kilitoa mahindi yanayokomaa kwa takriban miezi mitatu hadi minne, wakati H614 ya Kitale, fahari ya nyanda za juu, huhitaji miezi sita hivi au zaidi. Katumani haivumilii ukame kwa maana halisi, inaukimbia. Inachanua kabla maji hayajaisha. Kwa Ukambani, ambako mvua huja kwa nguvu na kukoma ghafla, hiyo ni busara kubwa, na mkulima anaweza kutunza mbegu yake badala ya kununua chotara kila msimu. Gharama yake huonekana mwaka wa mvua nzuri: mmea uliomaliza kazi mapema hauwezi kutumia mvua ya ziada. Tena Katumani haimsaidii mtu ambaye mvua yake hukatika katikati ya msimu na kurudi. Huyo anahitaji mmea unaoweza kusubiri, kama mtama, ambao husimamisha ukuaji na kuendelea maji yakirudi, au mbaazi, ambayo mizizi yake huendelea kunywa chini wakati mahindi ya jirani yamekwishakuwa makapi.

Kwenye maharage hali inafanana na mahindi. Mistari iliyochaguliwa Colombia kwa ajili ya ukame ilikuwa hodari hasa wa kuhamisha chakula kutoka majani na shina kwenda kwenye maganda na punje, na baadhi ilivuna vizuri hata palipokuwa na mvua ya kutosha. Si kila ustahimilivu una gharama.

Na mahindi yaliyobadilishwa kwa uhandisi jeni? Mahindi yenye jeni ya bakteria, cspB, yaliingia mashamba ya Marekani mwaka 2013, na mwaka 2016 yalipandwa kwa majaribio huko Makutupora, Dodoma, kwenye kituo kinachojulikana zaidi kwa zabibu. Baadaye serikali iliamua kusitisha majaribio hayo. Mjadala ulikuwa mkali, na kwa maoni yangu pande zote mbili ziliipa jeni hiyo moja uzito kuliko inavyostahili. Kuhimili ukame kunaongozwa na jeni nyingi sana, kila moja ikiwa na mchango mdogo, zikigusa mizizi, vitundu, tarehe ya kuchanua na ujazaji wa punje. Mradi uliobeba jeni hiyo ulitoa pia chotara za kawaida za DroughtTEGO, nazo zilifika kwa wakulima bila vita yoyote.

Wingi huo wa jeni ndio unaoeleza kwa nini maendeleo ni ya polepole. Katika shamba lenye maji ya kutosha, mtafiti anayeona mmea mmoja umezidi mwingine anaweza kuamini kwamba ni vinasaba. Katika ukame, hatua mbili kushoto udongo una kina zaidi, na mmea dhaifu unaonekana shujaa. Tofauti za udongo huziba tofauti za urithi. Ndiyo maana Kiboko ni muhimu kuliko mashine za kusoma vinasaba: bila shamba ambalo ukame wake umepangwa na kupimwa, mashine inasoma kelele.

Kinachotukwamisha sisi sasa, hata hivyo, si upungufu wa jeni. Aina zinapopitishwa rasmi huhukumiwa zaidi kwa wastani wa vituo vingi, na wastani huficha kilicho muhimu. Mbegu iliyoshinda Machakos kwa kukimbia na kushindwa Dodoma kwa kutosubiri inaonekana ya kawaida tu pote pawili. Kisha mfuko unafika dukani ukiwa na maandishi makubwa, INASTAHIMILI UKAME, bila kusema ukame upi. Mkulima ananunua kwa matumaini, anapata hasara, na msimu unaofuata anawaambia wenzake kwamba mbegu za kisasa ni uongo. Ameonewa. Mbegu ilikuwa nzuri kwa shamba la mwingine.

Takwimu za mvua za kila siku zipo katika mamlaka za hali ya hewa za nchi zetu, nyingine za miongo mingi. Kuzitumia kuchora, wilaya kwa wilaya, ni katika wiki ipi ya msimu maji huisha mara nyingi zaidi, ni kazi ya watu wachache wenye kompyuta na udongo uliopimwa. Taasisi za utafiti wa kilimo za Tanzania na Kenya, TARI na KALRO, zina wataalamu wa kuifanya. Ramani hiyo ikiwepo, kila mfuko wa mbegu uandikwe siku za kuchanua, siku za kukomaa, na aina ya ukame ambamo mbegu ilijaribiwa, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Na benki za mbegu, ya Arusha na ya Muguga, zipewe fedha za kurudi vijijini Singida, Kondoa, Kitui na Tharaka kukusanya mtama, uwele na kunde ambazo bado zinatunzwa majumbani, pamoja na maelezo ya waliozitunza kuhusu mwaka gani mbegu ipi iliwaokoa.

Nawe unayelima, kabla ya kulipia mfuko msimu ujao, muulize muuzaji au bwana shamba wako mbegu hii inachanua siku ya ngapi. Hesabu kuanzia tarehe unayopanda, halafu linganisha na wiki ambayo mvua ya kwenu hukatika. Kama huyo anayekuuzia hajui jibu, nenda kwa mwingine.